Mbwa ni wa Nani?

Mtaani kwetu hapa Songea, mbwa alimwagiwa mafuta ya moto. Alikuwa amesogeza pua kwenye beseni la vidari vya kuku, muuza chipsi akachota mafuta kwa upawa kutoka kwenye karai na kumwagia mgongoni. Manyoya yalitoka pamoja na ngozi. Akawa anazunguka na kidonda kilichojaa inzi, akiwakimbia hata watoto waliozoea kumrushia mifupa. Nilipolipeleka suala hilo kwenye ofisi moja niliyodhani inahusika, niliulizwa: "Mwalimu, mbwa ni wa nani?" Nikasema hana mwenyewe. "Sasa mlalamikaji ni nani?" Kalamu ikawekwa mezani, na mazungumzo yakaishia hapo.

Ninayoandika hapa yametoka kwenye swali hilo, na sitajifanya kwamba moyo wangu umetulia.

Ukatili kwa mnyama tunaujua: ni kumtia maumivu bila sababu ya maana, au kumnyima chakula, maji na tiba ilhali yuko mikononi mwako. Wanaotaka kubishana "sababu ya maana" ni ipi, uwanja ni wao. Mimi nina shida na jambo lingine: kwa nini maumivu yahitaji mmiliki ndipo yahesabiwe?

Tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya mwaka 2008, iliyotungwa ili wanyama watendewe kwa utu. Tena katika kesi ya jinai anayeshtaki ni Jamhuri, kwa hiyo swali la mlalamikaji lilikuwa na jibu tayari. Lakini ofisa yule hakulitunga swali lake kichwani. Liko ndani ya sheria kongwe zaidi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamtia hatiani anayeua au kujeruhi kwa makusudi mnyama "anayeweza kuibwa". Anayeweza kuibwa ni yule aliye mali ya mtu. Mbwa wa jalalani haibiwi.

Kwa muda sasa nimekuwa nikifuatilia hukumu zinazohusu wanyama. Za nyara za Serikali hazina shida kupatikana, kwa sababu ukanda huu wa Namtumbo na Tunduru ndio ushoroba wa tembo kati ya hifadhi ya Selous na ile ya Niassa, Msumbiji, na rufaa zake hufika Mahakama Kuu hapa Songea. Za ukatili nazitafuta kwa tochi. Ukizipanga adhabu kwenye karatasi unaona ngazi. Kukutwa na nyara za Serikali kunaweza kukupa miaka 20 hadi 30. Wizi wa mifugo, hadi miaka 15. Yang Feng Glan, aliyeitwa Malkia wa Pembe za Ndovu, alihukumiwa miaka 15 katika Mahakama ya Kisutu mwaka 2019, na nchi nzima ikasikia. Adhabu inapanda kadiri mwenye mali anavyokuwa mkubwa: tembo ni wa Serikali, ng'ombe ni wa fulani, mbwa si wa yeyote. Hata tembo mwenyewe hajapona katika hesabu hiyo. Hati ya mashtaka hutaja vipande vya meno, uzito na thamani yake kwa shilingi. Kama alipigwa risasi moja akaanguka, au alilishwa boga lenye sumu akahangaika usiku kucha, hilo halibadilishi kitu.

Ndiyo maana nadai adhabu ya ukatili iwe nzito, na ipimwe kwa mateso, si kwa bei. Hili si jambo la ajabu: mwaka 2021 England na Wales zilipandisha kifungo cha juu cha kosa hili kutoka miezi 6 hadi miaka 5. Mapingamizi ya haki yapo. Mwanafalsafa wa sheria Beccaria alishasema mwaka 1764 kwamba kinachomzuia mhalifu ni uhakika wa kuadhibiwa kuliko ukali wa adhabu, na hapo yuko sahihi. Faini humuumiza maskini huku tajiri akiilipa kwa pesa ya soda, nalo ni kweli. Kichaa cha mbwa kinaua watu, na mbwa wanaozurura ni hatari ya kweli.

Kuna pingamizi moja, hata hivyo, linalonipandisha presha: "Watu wanakufa, ninyi mnahangaika na mbwa. Binadamu kwanza!"

Kwanza, angalia nani analisema. Nimelisikia kutoka kwa watu ambao sijawahi kuwaona wakimpeleka mgonjwa hospitali ya Peramiho, wala wakimsomesha yatima. Wanaohangaikia wagonjwa na yatima ninaowafahamu hawalisemi kabisa. Ni kauli ya mtu anayetaka asiulizwe kitu chochote. Ukimtetea mbwa, atakwambia watoto; ukimtetea mtoto, atakwambia uchumi wa nchi. Binadamu huyo wa kwanza hafiki kamwe.

Pili, inadhania kwamba huruma ni kama gunia la mahindi kwenye ghala la Ruhuwiko, ukimpimia huyu debe moja yule anapunguziwa. Nani kaliona gunia hilo? Ni mahakama gani iliyoahirisha kesi ya ubakaji kwa sababu ratiba imejaa kesi za punda?

Tatu, wenye kauli hiyo hupenda kuichovya kwenye dini, wakati dini haiko upande wao. Waislamu wa mjini hapa wamesikia habari za mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula. Simulizi hiyo haisimami kuuliza paka alikuwa wa nani.

Wapo wanaonishauri nimjibu mwenye kauli hiyo kwa mwanafalsafa Kant, aliyefundisha kwamba anayemtesa mnyama huufanya moyo wake kuwa mgumu, mwisho atawatesa watu. Jibu hilo linafaa kikaoni, lakini silipendi. Linamwambia muuza chipsi kwamba mgongo wa mbwa ni uwanja wa mazoezi tu, na hasara halisi iko kwa jirani atakayepigwa kesho. Kama ingethibitika kwamba hakuna jirani atakayeguswa, je, mafuta yale yangekuwa halali?

Hata hivyo, pingamizi hilo lina mzizi mahali ambapo wenyewe hawachimbi, nami nikianza kuuchimba huwa siachi. Huku Kusini, sheria ya mnyama ilikuja imeshika kiboko. Mwaka 1896 Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, alitoa amri ya uwindaji: leseni kwa anayetaka kuwinda, na hifadhi kwenye bonde la Rufiji. Mtu aliyekuwa akilinda shamba lake dhidi ya nguruwe pori na tembo akajikuta mhalifu, na wanahistoria huziweka amri za namna hiyo miongoni mwa manung'uniko yaliyozaa vita vya Maji Maji mwaka 1905. Mwisho wake tunauzuru kila Februari pale Makumbusho ya Maji Maji, kwenye makaburi ya walionyongwa mwaka 1906. Baadaye pori hilo la Rufiji likapewa jina la Frederick Selous, aliyeuawa Beho Beho Januari 1917, mwindaji aliyejipatia sifa kwa kuua tembo. Babu aliyetega mtego ni jangili. Mzungu mwenye bunduki ni jina la hifadhi. Tembo wa Selous walikuwa zaidi ya 100,000 miaka ya 1970, na kufikia 2013 walibaki kama 13,000. Kwa hiyo kiboko hakikuwalinda hata tembo wenyewe. Na mkulima wa Tunduru aliyefiwa kwa kukanyagwa na tembo, kanuni za mwaka 2011 zilimpangia kifuta machozi cha shilingi 1,000,000. Mtu huyo akiniambia "binadamu kwanza", nitanyamaza na kumsikiliza.

Lakini anayeniambia si yeye. Na ukiitazama historia hiyo vizuri, inakwenda na hoja yangu: Mjerumani naye aliuliza tembo ni wa nani, akajibu ni wangu.

Hapa ndipo ninapokwama. Nikiondoa umiliki kwenye kosa la ukatili, namkabidhi nani fimbo? Ni dola ile ile, askari wale wale, na watakaoanza kukamatwa ni bodaboda aliyemfunga nguruwe kwenye kibebeo na mama aliyening'iniza kuku miguu juu akienda sokoni, kabla ya mwenye lori la ng'ombe kuguswa. Nataka adhabu iongezwe, na naiogopa njia itakayopita. Nimeyageuza mambo hayo mawili kila upande na bado hayapatani, huku barua za kudai sheria ipitiwe upya nikiendelea kuziandika. Mwenye namna ya kuyapatanisha anifundishe. Ila asianze na binadamu kwanza.