Unashuka Wapi?

Nilipanda basi stendi ya Biharamulo asubuhi na mapema, begi mgongoni, nikakuta siti yangu imekaliwa na mtoto wa miaka mitatu hivi, miguu kaiweka juu ya gunia la maharage. Mama yake hakuniuliza jina wala kwetu. Aliniuliza, "Unashuka wapi, kaka?" Nikamjibu kwamba nashuka Benaco. Akanyamaza kidogo kama anayepiga hesabu, akampakata mtoto, akalisukuma gunia kwa kisigino hadi uvunguni. "Basi kaa. Sisi tunafika Ngara. Ukishuka wewe, mtoto atapata pa kulala."

Kabla basi halijatoka stendi niliulizwa swali hilohilo mara tatu zaidi: na konda, na mzee aliyekaa nyuma yangu, na kijana aliyekuwa akitafuta pa kuweka trei ya mayai. Nilikuwa nimekuja kutembea tu, kuiangalia nchi. Sikuwa na msiba wa kuwahi, wala harusi, wala mzigo wa kufuata, na nilikuwa nimejiandaa kujieleza, maana mtu mzima anayezunguka na begi bila shughuli huwatia watu mashaka. Hakuna aliyetaka maelezo yangu. Walitaka kujua mahali nitakapoiacha siti.

Nimelifikiria sana swali hilo tangu siku ile, na ninaamini limebeba namna ya kuishi na watu ambayo hatujaipa heshima yake. Tumezoea kuanza na "unatoka wapi?" Ndilo swali la mwenyeji kwa mgeni, la wazee kwa kijana aliyekuja kuposa, la afisa kwa mwombaji. Jibu lake humpangia mtu mahali: kabila fulani, ukoo fulani, nchi fulani, na kwa hiyo tabia fulani, hata kama mwenyewe hajatamka neno la pili. Anayekuuliza unashuka wapi hana haja na habari hizo. Kwake umeshaingia, umelipa nauli, una haki ya kukaa. Kilichobaki ni kupangana.

John Mbiti, mwanafalsafa wa Kenya, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alieleza kwamba kwetu mtu huwa mtu kwa sababu ya jamaa zake: walio hai, waliotangulia na watakaozaliwa. Wengi tumeipokea fikra hiyo kama ndiyo maana yote ya utu. Naikubali, lakini inaniachia shida moja. Jamaa anaowazungumzia Mbiti wanafahamiana, wana makaburi ya pamoja. Sisi ndani ya basi hatukuwa na kaburi hata moja la pamoja, na kufika jioni tungekuwa tumeshatawanyika. Hata hivyo, kabla hatujafika Lusahunga, yule mama alinikabidhi mwanawe. Alisema neno moja tu, "Nishikie," akainama kutafuta chupa ya maji. Mtoto akanikalia mapajani, akaushika mkanda wa begi langu kwa vidole vyenye mafuta ya andazi, akapitiwa na usingizi. Mtoto aliyelala ni mzito kuliko aliye macho. Kila aliyewahi kulea anajua. Nilikaa hivyo mwendo mrefu, mguu umekufa ganzi, sithubutu kuusogeza. Ni jamaa gani hao walionifanya niwe mtu kwa saa ile?

Neno lao tunalo, ila tumelizoea hata hatulisikii. Abiria ni neno lililotoka Kiarabuni, na mzizi wake una maana ya kuvuka. Abiria ni mvukaji. Kwa hiyo katika basi hakuna mwenyeji. Hata dereva na konda wanapita. Methali zetu za ugeni, ile ya mgeni njoo mwenyeji apone na ile ya kumpa mgeni jembe siku ya tatu, zote zinahitaji mwenye nyumba. Hapa nyumba inatembea na kila mmoja ni mgeni wa mwenzake, na bado watu hutendeana kama majirani. Tena ndivyo wanavyoitana: "Jirani, hebu fungua dirisha kidogo."

Lusahunga ndipo barabara ya Biharamulo inapokutana na ile kuu itokayo Dar es Salaam kupitia Dodoma, Singida na Kahama. Malori ya kwenda Kigali na Bujumbura yalikuwa yamepanga foleni kandokando ya barabara, madereva wakinawa nyuso kwa maji ya madumu. Mabeseni yakainuliwa hadi madirishani: karanga, mahindi ya kuchoma, ndizi mbivu, mayai ya kuchemsha. Hapo akapanda binti mmoja mwenye furushi la kitenge, akapewa kigoda katikati ya njia. Yule mama jirani yangu akamuuliza swali lake. Binti akajibu kwa sauti ya chini kwamba anashuka Benaco, anakwenda kwa shangazi yake. "Sawa, utashuka na huyu kaka," mama akasema, na ikawa tumeshafahamiana.

Mbele ya hapo nchi inaanza kuinuka na kushuka. Pori linafunga pande zote mbili, kisha linaachia ghafla na unaona vilima vimepangana mpaka macho yanachoka. Basi liliposimama ili watu wachimbe dawa, wanaume upande huu, wanawake upande ule, yule mzee wa nyuma alisimama karibu nami akiangalia miti. Nilikuwa nimeshamwamkia, na alinichukulia kama mwanawe. Aliniambia kwamba zamani basi lisingethubutu kusimama hapa. Vita vya nchi jirani vilileta bunduki, bunduki zikaingia porini, na majambazi wakawa wanateka magari. Mabasi yalikuwa yanasubiriana, yanakwenda kwa msafara, askari wenye silaha wakiyasindikiza. "Miaka ile," akasema, "mtu akikuuliza unashuka wapi, ulikuwa unamdanganya."

Maneno hayo yalinisahihisha. Nilikuwa nimeanza kuliona swali la basi kama wema wa kuzaliwa nao, kitu ambacho watu wetu wanacho tu. Kumbe ni kitu kilichowahi kupotea. Kumwambia mtu usiyemjua mahali utakapokuwa peke yako na mzigo wako ni kumpa njia ya kukudhuru, na watu wa barabara hii walikoma kuitoa, kisha taratibu wakaanza tena. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato, na leo mtu hufunga safari kuja kuangalia wanyama katika ukanda ambao wazazi wake waliupita wakisali. Lakini askari na hifadhi havitoshi kueleza kwa nini mama humpa mtu baki mtoto. Lazima alikuwepo aliyethubutu kwanza, akajibu ukweli, akashuka salama, na aliyefuata akasikia habari zake.

Mbele kidogo tulisimamishwa kwenye kizuizi. Maafisa wawili wakaingia kuangalia vitambulisho. Wakanipita, wakampita mzee, wakasimama kwa binti. Hakuwa na kitambulisho. Akaulizwa anatoka wapi. Akataja kijiji. Akaulizwa mwenyekiti wa kitongoji ni nani, shule ya msingi alisoma wapi, na kadiri maswali yalivyozidi ndivyo lafudhi yake ilivyozidi kujitokeza. Kihangaza cha Ngara kinakaribiana sana na Kirundi na Kinyarwanda. Mtu aliyezaliwa hapa anaweza kutiliwa shaka kwa namna tu anavyotamka. Binti akaanza kukwama. Hapo mama akasema, bila kuinua sauti, "Huyu tuko naye. Anashuka Benaco kwa shangazi yake." Mzee akaitikia, "Ndiyo, anashuka Benaco." Afisa aliwaangalia, akamwangalia binti, akamwambia akirudi aende na barua ya serikali ya kijiji. Basi likaondoka.

Mimi sikusema kitu, na kunyamaza kwangu kunaniuma mpaka sasa. Nilikuwa na sababu: simjui. Lakini mama naye hakumjua. Hakudai kumjua, wala hakusema uongo. Alitoa ushahidi juu ya kile kidogo alichokuwa nacho, kwamba mtu huyu ana mahali anapokwenda na ana mtu anayemngoja, akaona kinatosha kumwita wetu. Simlaumu afisa. Katika ukanda huu wa mipaka kazi yake ina sababu, na sababu zenyewe zimezikwa karibu.

Tarehe 28 Aprili 1994 na siku iliyofuata, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara. Benaco, pale nilipokuwa nakwenda kushuka na begi langu, ikawa kambi. Wakimbizi wakazidi wenyeji wa wilaya nzima. Mto Kagera ulikuwa ukiteremsha maiti hadi Ziwa Victoria. Na kati ya waliovuka walikuwemo waliokimbia vita wakiwa hawana hatia, na waliokuwa wameua majirani zao wiki zilezile. Mbele ya jambo hilo swali la basi linafika ukingoni. Zipo nyakati ambapo lazima mtu aulizwe anatoka wapi na huko alifanya nini. Kwa kazi hiyo Umoja wa Mataifa uliunda mahakama mwaka huohuo, ikakaa Arusha. Anayedhani upole wa wasafiri unaweza kushika nafasi ya haki hajaisoma ardhi hii. Lakini wengi waliovuka hawakuwa na kesi ya kujibu. Hao waliulizwa walikotoka kila siku, na hapakuwa na aliyewauliza wanashuka wapi, maana hawakuwa na pa kushuka. Desemba 1996 waliambiwa wawe wamerudi kwao ifikapo tarehe 31. Kituo chao kilichaguliwa na wengine.

Furushi la mkimbizi na begi langu huenda vina uzito mmoja, na barabara ni hiihii. Kinachonitenga naye ni kwamba mimi nina jibu. Ninaposema "Benaco" nasema pia kwamba nitaondoka Benaco nikitaka, na kwamba kuna mlango mahali fulani utakaofunguliwa nikibisha. Hilo si jambo langu la kujivunia. Nililikuta tu.

Immanuel Kant, ambaye maisha yake yote hakwenda mbali na mji wake wa Königsberg, aliandika mwaka 1795 kwamba kila mgeni ana haki ya kutopokelewa kama adui. Sababu yake naipenda: dunia ni duara, watu hawawezi kutawanyika bila mwisho, mwishowe watavumiliana. Ni hoja ambayo abiria wa kigodani angeielewa haraka. Ila Kant aliweka mpaka: haki hiyo ni ya kuzuru. Haimpi mtu haki ya kukaa, sembuse kutawala, na aliwashutumu Wazungu walioita uvamizi wao ziara. Miaka 99 baadaye, mwaka 1894, Mjerumani Gustav Adolf von Götzen, aliyetokea Pangani na msafara wake, aliingia Rwanda kupitia Rusumo. Alikuja kama msafiri. Mwaka 1901 akawa gavana wa koloni zima la Afrika Mashariki ya Kijerumani. Njiani bila shaka wenyeji walimuuliza anatoka wapi, na huenda hata akajibu kweli. Swali lililostahili kuulizwa kwa ukali lilikuwa lile lingine.

Konda akagonga bodi la basi. "Benaco! Wa kushuka!" Nikamrudishia mama mtoto, bado amelala, shavu lina alama ya mkanda wa begi. Nilikuwa nimeshajua bei aliyonunulia maharage na kwamba mumewe hajapiga simu tangu Pasaka, lakini jina lake silijui. "Haya kaka, safari njema." Binti alishuka kabla yangu, akanipokea begi, akaniwekea chini mahali pasipo na tope, kisha akapanda bodaboda akaondoka.

Nikachukua mchomoko wa kwenda Rusumo, watu saba katika gari la watu watano, begi likiwa juu ya magoti ya watu. Barabara inateremka hadi mtoni, na ngurumo ya maporomoko inasikika kabla hujayaona. Chini kuna daraja jipya, ofisi za pamoja za mpakani zilizozinduliwa mwaka 2016, na umeme wa mto huu unaogawanywa na Tanzania, Rwanda na Burundi. Kabla ya geti dereva alipunguza mwendo, akanitazama kwenye kioo.

"Unashuka hapa, au unavuka?"

"Nashuka," nikamwambia. Wa nyuma wakanipitishia begi mkono kwa mkono, na nilipofunga mlango walikuwa wameshatanuka.