Mwisho Mwema ni Haki ya Nani?

Kila hadithi huhukumiwa kwa mwisho wake. Msikilizaji aweza kusamehe mwanzo uliochelewa, na aweza kuvumilia kati iliyopotea njia, lakini mwisho hausamehe. Mwisho ndipo msimulizi huonyesha ni nani aliyestahili heri na ni nani aliyestahili shari. Ndiyo maana wahenga walisema mwisho wa ubaya ni aibu, na ndiyo maana mtoto aliyeshikwa na usingizi kabla hadithi haijaisha huamka asubuhi na swali moja tu: je, walifika? Aulizaye hivyo hatafuti starehe. Hutaka kujua kama dunia ina insafu.

Swali hilo la kitoto limekuwa zito katika filamu zinazosimulia mapenzi ya mwanamke kwa mwanamke mwenzake. Filamu hizo zipo, nyingine nzuri na nyingine mbovu, na mtandao umezifikisha hata mahali ambapo jumba la sinema lisingethubutu kuzionyesha. Kwa hiyo jambo la kuulizwa si kama zitatazamwa. Jambo la kuulizwa ni hili: mwanamke anayesimuliwa humo astahili mwisho gani, na ni nani mwenye haki ya kuuchagua?

Na afikiriwe mwanamke mmoja wa Dar es Salaam. Mchana huuza khanga na vitenge katika duka la Kariakoo. Jioni hushuka Kivukoni, akapanda pantoni kwenda Kigamboni pamoja na wachuuzi wa samaki, makarani na wanafunzi. Hana alama usoni. Ana mama anayemtegemea, ana deni la kodi ya chumba, na ana siri moja. Lugha inalo jina la mtu kama yeye, lakini jina hilo hutolewa kinywani kama jiwe, si kama jina. Usiku, watu wa nyumbani wakisha kulala, hufungua simu yake, akaificha sauti masikioni mwake, akatazama filamu. Hatazami kwa uvivu. Hutazama kama msafiri aulizaye habari za njia: apate kujua kama kuna waliokwisha kuipita, na kama walipita, waliishia wapi.

Upweke wake ni jambo geni katika mji ule, maana Dar es Salaam ulikuwa mji wa sinema. Katika miaka ya 1950 na 1960 watu walijipanga mbele ya majumba ya Avalon, Empire na Odeon, wakaingia kutazama picha za Kihindi na za Kizungu. Waliotoka hawakuiacha picha mlangoni. Waliichukua hata nyumbani na barazani, wakaijadili: je, binti alikosa, au baba yake ndiye aliyekosa? Katika baadhi ya miji ya pwani yalikuwako hata maonyesho ya wanawake peke yao. Picha haikuisha taa zilipowaka. Iliisha watu walipochoka kubishana, na katika mabishano hayo kila mtu alijifunza kupima haki. Mwanamke wa Kigamboni amepata picha, lakini hana baraza. Hawezi kumwuliza mtu yeyote kama yule binti alikosa. Basi mwisho wa filamu kwake hauna wa kuupinga. Ukimhukumu, humhukumu akiwa peke yake gizani.

Na kwa miaka mingi mwisho ulimhukumu. Huko Marekani kanuni za watengenezaji filamu, zilizotiliwa nguvu mwaka 1934, zilikataza kuonyesha mapenzi ya namna hii. Kanuni zilipolegezwa mwaka 1961, ilitoka The Children's Hour, ambamo mwalimu wa kike anaungama kwamba anampenda mwalimu mwenzake, kisha anajinyonga. Ruhusa ya kuonekana ilikuja pamoja na kitanzi. Lakini hata zamani hizo njia nyingine ilijulikana. Miaka thelathini kabla yake, mwaka 1931, Leontine Sagan alitengeneza Ujerumani filamu ya Mädchen in Uniform, habari za mwanafunzi anayempenda mwalimu wake wa kike katika shule ya ukali. Katika mchezo wa jukwaani ambamo filamu ilizaliwa, msichana hufa. Katika filamu, wanafunzi wenzake wanakimbia ngazini, wanamshika kabla hajajitupa. Msichana ni yule yule, na kosa, kama ni kosa, ni lile lile. Tofauti ni kuwa katika moja ana wenzake na katika nyingine hana.

Mfano wa pili ulitoka India, nchi ambayo picha zake zilipendwa sana pwani. Mwaka 1996 Deepa Mehta alitengeneza Fire, juu ya wake wawili wa ndugu wawili mjini Delhi, ambao katika nyumba isiyo na upendo wanapendana. Mmoja wao nguo yake inashika moto jikoni, mumewe anatazama tu, naye hafi. Anatoka, anamkuta mwenzake. Yeyote aijuaye hadithi ya kale ya Sita, aliyepitishwa motoni ili athibitishe usafi wake, ataona kilichofanywa hapo: moto ulioitwa kuwa hakimu ulimwachilia mshtakiwa. Mwaka 1998 makundi ya watu yalivamia majumba ya sinema ya Mumbai na Delhi yaliyokuwa yakiionyesha.

Mfano wa tatu ni wa Afrika Mashariki yenyewe. Mwaka 2007 Monica Arac de Nyeko wa Uganda alipata tuzo ya Caine kwa hadithi fupi iitwayo Jambula Tree, yaani mzambarau, juu ya wasichana wawili wa Kampala. Kwa hadithi hiyo Wanuri Kahiu wa Kenya alitengeneza Rafiki, iliyoonyeshwa Cannes mwezi Mei 2018, filamu ya kwanza ya Kenya kuteuliwa katika tamasha lile. Kena na Ziki ni mabinti wa mtaa mmoja wa Nairobi. Baba zao wanashindana katika uchaguzi. Wanapendana, wanagunduliwa, wanapigwa na kundi la watu, wanatenganishwa. Mmoja anapelekwa London. Miaka inapita. Mwishoni kabisa Kena anasikia sauti ikimwita, na mkono unagusa bega lake. Hapo picha inakwisha.

Bodi ya filamu ya Kenya iliipiga marufuku mwezi Aprili 2018, ikisema inakusudia kueneza jambo lililokatazwa na sheria. Mtengenezaji ameeleza kwamba alitakiwa aubadili mwisho, kwa kuwa ulikuwa na matumaini kupita kiasi, naye akakataa. Jambo hili lastahili kufikiriwa polepole. Kipigo hakikulaumiwa kuwa kikali mno. Machozi hayakulaumiwa kuwa mengi mno. Kilicholaumiwa ni mkono mmoja begani. Yaonekana kwamba mwanamke kama huyo angeweza kuruhusiwa kupenda machoni pa watu, mradi mwisho wake uwe majuto.

Mwezi Septemba 2018 Jaji Wilfrida Okwany aliiondoa marufuku kwa siku saba, filamu ionyeshwe kwa watu wazima wanaotaka kuitazama. Alieleza kwamba haamini Kenya ni jamii dhaifu hata misingi yake ya maadili itikiswe na filamu. Kwa siku hizo chache watu walijaa katika majumba ya Nairobi. Mwaka 2020 Mahakama Kuu iliunga mkono marufuku, na shauri halikuishia hapo.

Wanaopinga filamu hizi wana hoja, na haki haitendeki kwa kuzificha hoja za mpinzani. Ya kwanza ni ya mzazi, asemaye kwamba hadithi hufunza, na kwamba mtoto huiga aonacho. Ni kweli kwamba hadithi hufunza. Lakini kumtenga mtoto na filamu ya watu wazima ni kuweka mlango wenye mlinzi. Kumtenga kila mtu ni kujenga ukuta. Zaidi ya hayo, kama hadithi hufunza, basi hadithi za adhabu nazo hufunza. Aliyeona mara mia kwamba mtu wa namna fulani lazima aishie kitanzini, hatashangaa sana atakapomwona anapigwa njiani, na pengine atatafuta jiwe lake.

Hoja ya pili ni ya desturi: kwamba mambo hayo si ya watu wa hapa, na hayastahili kutajwa hadharani. Desturi ni mali ya jamii na haifai kudharauliwa. Lakini desturi ya pwani ina nguzo moja iitwayo sitara. Mtu mwema husitiri, hafunui. Jirani aliyeona la ndani kwa bahati mbaya huinamisha macho. Mwisho wa Oktoba 2018, mwezi mmoja baada ya zile siku saba za Nairobi, mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam wa wakati ule alitangaza kikosi cha kuwasaka watu wa mapenzi ya jinsia moja, akawaomba wananchi wapeleke majina. Siku chache baadaye Wizara ya Mambo ya Nje ilitamka kwamba hayo yalikuwa maoni yake mwenyewe, si msimamo wa serikali. Tamko lilikuja, lakini kabla yake watu walikuwa wamekwisha kujificha. Aulizwe basi mtetezi wa desturi: kati ya mwanamke atazamaye filamu chumbani mwake, bila kumsumbua mtu, na jirani apelekaye jina la jirani yake, ni yupi aliyeivunja sitara? Desturi haiwezi kumwamuru mtu ajifiche, kisha ikamlipa anayemfichua.

Hoja ya tatu ni ya msanii, nayo ndiyo nzito zaidi. Yeye husema kwamba sanaa ina deni kwa ukweli. Na maadam maisha ya wanawake hawa ni magumu, mwisho mwema ni uongo mtamu. Hapa yafaa kutenga huzuni na adhabu. Katika Portrait of a Lady on Fire ya Céline Sciamma, ya mwaka 2019, wapenzi wawili wanaachana, kwa kuwa mmoja lazima aolewe, na hawarudiani. Mwisho ule ni wa huzuni, lakini si hukumu. Mtazamaji hutoka akijua kwamba kitu cha thamani kilipotea, si kwamba kitu kiovu kiliondolewa. Kwa upande mwingine, filamu yaweza kuwa na sifa kubwa na bado ikamdhulumu mwanamke. Blue Is the Warmest Colour ilipata tuzo kuu ya Cannes mwaka 2013, lakini mwandishi wa kitabu cha michoro kilichoizaa alilalamika kwamba miili ya wapenzi ilionyeshwa kwa namna asiyoitambua kuwa ya wanawake wapendanao. Kwa hiyo filamu istahiliyo kutazamwa haipimwi kwa furaha ya mwisho wala kwa ukali wa machozi. Hupimwa kwa swali moja: je, mwanamke yule alikuwa mtu, au alikuwa onyo kwa wengine na kiburudisho kwa macho ya wengine?

Kwa kipimo hicho mkono ulio begani mwa Kena si uongo. Filamu haikuficha kipigo, wala haikusema kwamba mtaa ulitubu. Ilikataa neno moja tu: kwamba kipigo ndicho chenye kauli ya mwisho. Tumaini la namna hiyo halimdanganyi mtu. Humwambia kwamba njia ni mbaya, na kwamba kuna aliyefika.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Waliokata shauri juu ya mwisho wa hadithi hizi, mara nyingi, ni watu ambao hawakuhitaji kuziuliza chochote. Maana hadithi nyingine zote za dunia zilikwisha kuwajibu. Kijana wa kiume apendaye binti amesimuliwa mara elfu kwamba atafika. Hata mwizi na tapeli katika hadithi hupewa nafasi ya kutubu na kurudi kwao. Kumnyima mtu mmoja kile ambacho kila mtu amepewa bila kukiomba si ulinzi wa maadili. Ni kumtoa nje ya hesabu ya watu.

Alfajiri pantoni hurudi Kivukoni na abiria wake. Mwanamke yule husimama ukingoni, simu imo mkobani, macho yake yako kwenye maji. Hakuna ajuaye alichotazama usiku, na si lazima ajulikane. Lakini aliposhuka kitandani alikuwa amekwisha kuambiwa jambo fulani juu ya mwisho wake, na atalibeba siku nzima kati ya khanga na wateja. Jamii haiwezi kumchagulia moyo. Yaweza tu kuamua kama jambo aliloambiwa litakuwa kitanzi, au mkono begani.