Fahali Wakipatana

Wahenga walituachia kwamba wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Mimi huuliza: je, wapatanapo?

Mwaka 1822 Uingereza ilitiliana mkataba na Sayyid Said, mtawala wa Omani na wa mwambao huu, kukataza watumwa wasiuzwe kwa mataifa ya Kikristo. Mwaka 1845 wakafunga mwingine: watumwa wasipelekwe Uarabuni, bali kuwasafirisha baina ya Lamu na Kilwa ni ruhusa. Pande zote mbili ziliridhia. Aliyefungwa ndani ya jahazi, akitolewa Kilwa kuletwa Unguja, hakuulizwa. Na kwa mujibu wa karatasi ile, safari yake ilikuwa halali.

Sheria ya mataifa ilichukua muda mrefu kumwona mtu huyo. Mkataba wa Vienna kuhusu sheria ya mikataba, wa mwaka 1969, ulioanza kutumika 1980, umetamka katika Ibara ya 53 kwamba mapatano yanayopingana na kanuni ya lazima, ile ambayo jumuiya nzima ya mataifa imeikubali kuwa haiachiki kwa hali yoyote, ni batili. Miongoni mwa kanuni hizo huhesabiwa makatazo ya utumwa, mateso na mauaji ya kimbari.

Nikiwa mfasiri, nalipenda neno hilo batili. Sisi tumelizoea katika ndoa. Talaka huvunja ndoa iliyokuwapo. Lakini mtu akimwoa dada yake, hata mashahidi wakihudhuria na mahari ikalipwa, hapana ndoa ya kuvunjwa. Ridhaa yao haina pa kusimama.

Hata hivyo, Mkataba wa Vienna haurudi nyuma kuyahukumu ya 1845. Na kanuni ya lazima, unasema, ni ile iliyokubaliwa na mataifa. Basi kabla hayajakubali, yule wa jahazini alikuwa na haki gani? Nikijibu kwamba hakuwa nayo, nitakuwa nimeongeza muhuri wangu juu ya mihuri ya fahali. Mimi naamini haki yake ilikuwapo tangu siku ya kwanza; mataifa hayakuiumba, yalichelewa kuikiri.

Ndiyo maana, kila nisomapo mapatano ya wakubwa, siangalii kwanza nani ametia sahihi. Natafuta nani amekanyagwa, wala hakuitwa barazani.