Je, Shaba Ina Hatia?

Watu wa Kinkondja wajua vema ziwa Kisale, na wengi wamesikia habari za makaburi ya Sanga, kando ya ziwa hilo. Mwaka 1957 na 1958 wataalamu walichimba pale. Wakaona mifupa ya watu waliozikwa karne nyingi kabla ya mmisionari wa kwanza kufika, pamoja na vyungu vizuri, mapambo, na misalaba midogo ya shaba nyekundu. Misalaba hiyo haikuwa alama ya Ukristo. Ilikuwa mali, na baadaye ikatumika kama fedha. Shaba yenyewe ilitoka mbali, kusini, katika nchi ya migodi, ikafika ziwani kwa biashara. Hata hivyo wenye msiba waliona vema kumwachia ndugu yao kitu hicho cha thamani, wakamzika nacho.

Shaba ya namna hiyohiyo leo twaikuta mahali pengine kabisa: katika kombora la kuvunjia vifaru. Kifaru ni gari la vita lenye ngozi nene ya chuma, risasi ya bunduki haliwezi. Basi mafundi walibuni kombora liongozwalo hewani mpaka limfikie adui. Ufaransa ilianza kuwapa askari wake kombora la SS.10 mwaka 1955, na mataifa mengine yakafuata. Ndani ya kichwa cha kombora mna kitu mfano wa faneli ndogo, mara nyingi ya shaba, na nyuma yake baruti kali. Baruti ikilipuka, shaba hufinywa ikawa kama mshale mwembamba, wenye mwendo wa kilometa kadhaa kwa sekunde moja. Mshale huo hutoboa chuma, na walio ndani huungua.

Basi tuulize: hatia iko wapi?

Wengine watasema, iko kwa mchimbaji. Lakini mwaka 1 tu, 2024, Kongo ilitoa tani zaidi ya milioni 3 za shaba, na sehemu kubwa ya shaba ya dunia hutengenezwa nyaya za umeme, mabomba na mashine. Kijana wa Kinkondja aliyekwenda kutafuta kazi Kolwezi anachimba ili alishe watoto. Hawezi kuhukumiwa kwa tendo asilolijua wala kulitaka.

Wengine watasema, hatia iko katika silaha yenyewe. Hapa tufikiri polepole. Mwaka 1987 askari wa Chad, wakipanda magari madogo na kubeba makombora ya Milan, waliharibu vifaru vingi vya Libya vilivyokuwa katika nchi yao. Mnyonge ana haki ya kuzuia mlango wake, na Kanisa halikukana haki hiyo kamwe. Lakini kombora halijui mlango ni wa nani. Kombora lilelile laweza kupigwa juu ya nyumba yenye mama na watoto, nalo litatoboa ukuta kwa utii uleule. Tena, hata ndani ya kifaru cha mwenye kosa wamekaa vijana waliozaliwa na mama, na pengine hawakuulizwa kama wataka vita.

Basi hatia yamfuata yule anayejua na kuchagua: mtawala aamuruye vita, muuzaji amwuziaye mdhalimu akijua atakalofanya, na askari apigaye.

Jambo moja latupasa kulitazama zaidi. Makombora ya kwanza yalivuta uzi mwembamba wa waya nyuma yake, na askari aliyaongoza kwa mkono, jicho lake likimtazama adui mpaka mwisho. Kombora la Kirusi liitwalo Malyutka lilikwenda hivyo kwa sekunde 20 na zaidi likipigwa mbali. Katika sekunde hizo mtu angeweza kuona kitambaa cheupe, akaligeuza kombora. Lakini kombora la Kimarekani la Javelin, lililoanza kutumika mwaka 1996, hujiongoza lenyewe. Askari hupiga, kisha hukimbia kujificha. Maisha yake yeye yaokoka, na hilo si dogo. Ila nafasi ile ya mwisho ya huruma imeondoka.

Je, kwa kuwa kombora lajiongoza, mtu amepunguziwa mzigo? Sivyo. Mzigo umesogezwa mbele. Yale ambayo zamani angeweza kuyafikiri kombora likiwa njiani, leo lazima ayafikiri kabla ya kugusa kitufe. Na aliyemtuma lazima ayafikiri mapema zaidi.

Nasi tusioshika kombora tunalo la kujifunza. Neno la uchongezi likitoka kinywani halina waya wa kulivutia nyuma. Mkuki wa mvuvi humpatia samaki, na katika ugomvi humwua jirani. Wazee wa Kisale walipokea shaba, wakamheshimu nayo marehemu wao. Sisi twapokea shaba, chuma na ulimi. Kila mmoja aulize moyo wake mapema, kabla ya kurusha.