Vidole vya Nani?

Usiku wa tatu baada ya kemo, dadangu hakuweza kumeza hata maji. Nikakumbuka Neiguan, nukta ya tiba ya Kichina iliyo upande wa ndani wa mkono, katikati ya zile kano mbili zinazojitokeza ukikunja ngumi. Jina lenyewe ni kama kusema lango la ndani. Kitabu chao cha kale, Lingshu, kinaitaja, na waganga huko China huidunga sindano au kuibonyeza kwa ajili ya kichefuchefu, kifua kubana na moyo kudunda ovyo. Nikapima vidole vitatu kutoka kwenye mstari wa kifundo, nikabonyeza kwa gumba.

"Hii kitu inasaidia kweli?"

Nikasema ndiyo. Akalala.

Je, nilidanganya? Wenye tiba yao husema kichefuchefu ni qi, nguvu ya uhai, inayopanda tumboni badala ya kushuka. Mimi siamini hivyo. Lakini mapitio ya Cochrane ya mwaka 2015 yalikusanya majaribio 59 yenye wagonjwa zaidi ya 7,000, na waliochochewa nukta hiyo walipatwa na kichefuchefu kidogo kuliko walioguswa kwa kuigiza tu. Basi ndiyo yangu ilikuwa na mguu wa kusimamia. Mguu mmoja, maana hao walikuwa watu wa upasuaji, si wa kemo, na hilo sikumwambia.

Najua watakaosema, si alilala? Yanini maneno? Sikubali. Mwili ni wake, kwa hivyo na shaka ni yake pia. Ukimficha shaka hiyo eti unamhurumia, umemgeuza mtoto. (Sisi wauguzaji wa nyumbani tunapenda sana kufanya hivyo, halafu tunajisifu kwa upole.)

Asubuhi nikasoma tena, nikaona aibu. Vidole vinavyopimia ni vya mgonjwa mwenyewe, si vya anayembonyeza. Vyangu ni vinene, vyake vimebaki mifupa. Kumbe nilikuwa nimebonyeza pasipo penyewe, kama wale walioguswa kwa kuigiza, na bado alilala!

Nikamweleza yote: qi, upasuaji, vidole. Alinyamaza kitambo, nikadhani amekasirika. Kisha akaunyoosha mkono wake mwembamba.

"Haya, mdogo wangu. Sasa pima na vyangu."