Fundi wa Mbagala na Vumbi la Kongo

Fundi mmoja wa kuchomelea mageti huko Mbagala, Dar es Salaam, alishindwa unyumba usiku mmoja. Mchana kutwa watu wa mikopo, ile inayoitwa kausha damu, walikuwa wameketi kwenye benchi la karakana yake wakisubiri rejesho. Alirudi nyumbani hajala, kachoka, kichwa kimejaa hesabu. Mwili ukagoma. Si ajabu, mwanamume yeyote yanaweza kumkuta.

Mambo yaliharibika usiku wa pili. Mkewe aliposogea, macho ya fundi hayakuwa kwa mkewe. Alikuwa akiukagua mwili wake: leo utakubali? Hofu ya namna hiyo huamsha homoni ya adrenalini, mishipa ikabana, na damu inayotakiwa kujaa uumeni isije. Akashindwa tena, na kushindwa kule kukazaa hofu ya kesho yake.

"Baba Zuhura, una nini siku hizi?" mke aliuliza, kwa upole tu.

Angejibu "nadaiwa, na ninaogopa," pengine yangeishia hapo. Alisema, "Usingizi tu, mama Zuhura," akageukia ukutani.

Kijiweni alidai kuna rafiki yake ambaye jogoo wake hapandi mtungi. Wote wakajua ni yeye. Wakampangia dozi: supu ya pweza, mihogo mibichi na karanga, kisha unga uitwao vumbi la Kongo. Yaliposhindikana, akanunua kwa machinga vidonge visivyo hata na boksi, akaambiwa ni sildenafil. Sildenafil, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1998, ni dawa ya kweli, lakini haileti hamu wala haifukuzi hofu. Husaidia damu pale mwili unapokuwa umeshasisimka. Ukiimeza pamoja na dawa za moyo za jamii ya naitreti, presha inaweza kushuka hata ukafa. Zaidi ya hapo, baadhi ya zinazouzwa kama mitishamba ya nguvu za kiume zimewahi kukutwa na sildenafil ndani yake bila kuandikwa popote, na mnunuzi hajui anachomeza. Fundi aliambulia kuumwa kichwa na moyo kwenda mbio, akadhani amelogwa. Akawa anakopa tena, kununulia dawa ya ugonjwa ulioletwa na deni.

Akaanza kurudi usiku wa manane, mke keshalala. Mama Zuhura naye akajumlisha yake: hanigusi, anachelewa, hela haionekani. Kwa hesabu hiyo nani asingesema kuna nyumba ndogo? Akambeba mtoto, akaenda kwao Muheza.

Ndipo fundi alipokwenda hospitali. Daktari alimpima presha na sukari, kwa kuwa kisukari na shinikizo la damu huharibu mishipa, na mwenye maradhi hayo hawezi kuponywa kwa maongezi peke yake. Vyote vilikuwa sawa. Kisha akamuuliza, "Asubuhi ukiamka, hali ikoje?"

Fundi aliinamisha uso. "Asubuhi haina shida, daktari."

Jibu hilo lilikuwa ishara kwamba mishipa na neva vinafanya kazi. Akapelekwa kwa mshauri nasaha, mama wa makamo, aliyemwagiza jambo lililomshangaza: kwa wiki kadhaa asifanye tendo lenyewe kabisa. Yeye na mkewe wakumbatiane, wapapasane, waishie hapo, mpaka hofu ya kushindwa iwatoke. Njia hiyo Wamarekani William Masters na Virginia Johnson waliieleza kitabuni mwaka 1970. Wao waliwatibu mume na mke kwa pamoja, wakishikilia kuwa katika tatizo hili hakuna mwenza asiyehusika.

"Kwa hiyo Jumanne uje na mama watoto," mshauri alisema.

"Mama watoto hayupo."

Alihudhuria peke yake. Hofu ilipungua, deni akalipanga upya, afya ikamrudia. Muheza walikataa suluhu. Mama Zuhura alidai talaka, akapewa.

Msomaji uliye katika hali kama hiyo, kabla ya kununua unga wowote kapime presha na sukari, na siku ya kumwona mshauri mwende wawili.