Mwenye Motokari na Asiye Nayo

Sote twajua amri ya kumpenda jirani. Lakini jirani ni nani katika mji ambamo watu hawakutani njiani, kwa kuwa kila mmoja anapita amejifungia ndani ya motokari yake? Na mwenye motokari anadaiwa nini na yule asiye nayo? Kutoa fedha ili mabasi yamfikie, je, ni sadaka tu, atoe akipenda? Au ni deni la haki? Tulitazame swali hilo katika nchi ya Marekani, maana huko limeonekana wazi.

Vitongoji vilivyojengwa kwa motokari

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Wamarekani wengi walitoka katikati ya miji wakajenga nje. Mwaka 1956 serikali yao ilipitisha sheria ya kujenga maili 41,000 za barabara kuu, nayo ikakubali kulipa sehemu 90 kati ya 100 za gharama. Tena mahali pengi sheria za ujenzi ziliagiza nyumba zikae upande wake, maduka upande wake, na kazi upande wake. Njia nyingi za mitaani zina mwanzo lakini hazina mwisho wa kutokea. Mtu analiona duka kwa macho, lakini ili alifikie kwa miguu lazima azunguke mbali, kandokando ya barabara pana isiyo na njia ya waenda kwa miguu.

Mahali kama hapo motokari si anasa. Ni miguu ya mtu. Asiye nayo amekatwa miguu, na aliyemkata si ugonjwa wala ajali, bali ni mpango wa watu. Neno hili tulishike, maana deni linaanzia hapo.

Mfano wa Clayton

Kusini ya mji wa Atlanta, katika jimbo la Georgia, iko wilaya iitwayo Clayton. Mwaka 1971 wilaya nne za huko ziliulizwa kwa kura: Je, mnakubali kulipa kodi ya senti moja kwa kila dola ya vitu mnunuavyo, ili shirika la MARTA liendeshe mabasi na treni? Wilaya za Fulton na DeKalb zikakubali. Clayton na Gwinnett zikakataa. Wako waliokataa kwa sababu ya kodi. Lakini wanahistoria wanaeleza kwamba wazungu wengi wa vitongoji waliogopa kuwa mabasi yatawaletea watu weusi wa mjini.

Miaka ikapita. Wazungu wengi wakahama Clayton, watu weusi wakaingia, na wengi wao hawakuwa na mali. Mwaka 2001 wilaya ikaanza kuwa na mabasi yake yenyewe. Kisha fedha zikapungua, na tarehe 31 Machi 2010 mabasi yote yakasimamishwa. Waliokataa mwaka 1971 walikuwa wengine. Walioadhibiwa mwaka 2010 walikuwa wengine.

Kiwanja cha ndege cha Atlanta, ambacho hupitisha watu wengi sana, kwa sehemu kubwa kimo ndani ya wilaya hiyohiyo. Treni ya MARTA inafika kiwanjani tangu mwaka 1988. Hivyo msafiri aliyetoka mbali alishuka katika ndege, akapanda treni, akaenda zake mjini. Lakini mfagiaji wa kiwanja, anayelala kilomita chache tu kutoka hapo, hakuwa na basi la kumpeleka kazini.

Tunakumbuka mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu katika Injili ya Mathayo. Mwenye shamba aliwauliza waliosimama sokoni kwa nini wanakaa bure mchana kutwa. Wakamjibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Kule Clayton shamba lilikuwapo, mwajiri alikuwapo, na mikono iliyo tayari ilikuwapo. Kilichokosekana ni njia ya kuvikutanisha. Tusifanye haraka kumwita mvivu mtu anayesimama bila kazi.

Mtu atasema

Mtu atasema: "Mimi sipandi basi kamwe. Kwa nini nililipie?" Tunamjibu: Je, barabara unayopita uliijenga peke yako? Hata yule aendaye kwa miguu hulipa kodi, na katika kodi hizo hutoka fedha za kutengeneza barabara za mitaa. Tena macho yako hayataona vema siku zote. Siku utakaponyang'anywa ruhusa ya kuendesha kwa ajili ya uzee, wewe nawe utasimama penye kituo.

Mwingine atasema: "Mabasi ya vitongoji hupita matupu." Ni kweli kwamba nyumba zilizotawanyika huongeza gharama. Lakini basi linalopita mara moja kwa saa, tena linaloacha kupita jioni, nani atalitumainia? Katika mji wa Brampton, kitongoji kikubwa karibu na Toronto, nchi ya Kanada, walianza mwaka 2010 kuendesha mabasi ya mara kwa mara katika barabara kubwa zilizonyoka. Katika miaka iliyofuata hesabu ya abiria ilizidi maradufu. Basi lisizunguke kila mtaa. Lipite mahali pachache, mapema hata usiku, penye njia salama ya kulifikia. Na nyumba mpya na maduka vijengwe karibu na vituo.

Sadaka na haki

Ukimpakia jirani katika motokari yako, umefanya tendo la huruma, na Mungu ameliona. Lakini kesho atasimama tena mlangoni pako akiomba. Haki yataka mtu asiwe mwombaji kila siku kwa ajili ya kile anachokihitaji kila siku. Ndiyo sababu Papa Fransisko, katika barua yake Laudato si' ya mwaka 2015, alifundisha kwamba usafiri wa watu wote utangulizwe katika miji, tena uwe wa kumstahi binadamu.

Watu wa Clayton walilifahamu jambo hilo kwa mateso yao. Mwezi wa Novemba 2014 waliulizwa tena habari ya kodi ileile. Karibu watu watatu kati ya kila wanne wakakubali, na mwezi wa Machi 2015 mabasi yakarudi. Majirani wao wa Gwinnett na Cobb wangali wanasitasita. Mwaka 2024 walikataa kodi ya usafiri kwa mara nyingine.

Na sisi je? Wengi wetu hatuna motokari. Lakini miji yetu nayo inatanuka. Viwanja vinauzwa mbali kabla ya njia kufika, na mama mwenye mzigo humwachia mwenye pikipiki sehemu kubwa ya faida yake. Ninyi mnaopima viwanja, ninyi mnaokaa katika halmashauri, na ninyi mliokwisha kununua motokari, jiulizeni mbele ya Mungu: Yule atakayejenga mwisho kabisa, asiye na kitu, atafikaje kazini, hospitalini na kanisani? Afadhali kumjibu sasa, kabla nyumba hazijasimama.